Homa ya Kuku: Kutoka Boston 1849 Hadi Inboksi Yako

Wasee, swali nililoulizwa zaidi mwezi huu ni moja: "Nitapata wapi mtu wa ukweli wa kuniuzia Brahma?" Wengine wanatafuta Silkie, wale kuku wenye manyoya laini kama ya paka. Wengine wanataka Ayam Cemani wa Indonesia, yule mweusi kuanzia kilemba hadi mifupa. Na karibu kila anayeniuliza ananitumia pia picha ya tangazo fulani: kuku mzuri ajabu, bei ya kutisha, na maneno "tuma pesa kwanza, mayai yanakuja na gari la kesho."

Sitataja jina la muuzaji yeyote hapa. Akaunti inaweza kuwa ya mtu mwaminifu leo, kesho ikawa mikononi mwa mkora. Nitakachokupa ni historia, juu hii biashara ilishawahi kuchoma watu vibaya sana zaidi ya miaka 170 iliyopita, na waliobaki baada ya moto ndio walituachia njia ya kumjua mfugaji wa kuaminika. Ukiielewa hiyo stori utaweza kumpima muuzaji yeyote mwenyewe, bila mimi.

Na kabla hujasema "lakini ni kuku tu": kuna mtu ananiandikia akiwa ameshika pesa za chama. Mwingine ana pesa za mwisho alizolipwa mjengoni. Jogoo mmoja na mitetea wawili wa mbegu ya nadra wanaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima. Akipigwa hapo, hakuna wa kumrudishia.

Sasa skiza.

Meli, vita, na kuku wa Malkia

Tuanzie China. Mwaka 1842, baada ya kushindwa na Uingereza katika Vita vya kwanza vya Afyuni, China ililazimishwa kutia sahihi Mkataba wa Nanking. Mkataba ule ulifungulia wafanyabiashara wa Uingereza bandari tano, Shanghai ikiwa mojawapo. Meli zilizozoea kurudi na chai na hariri zikaanza kurudi pia na kuku wakubwa ambao watu wa Ulaya hawakuwa wamezoea kuwaona.

Ndio uelewe mshtuko wao, kumbuka kuku wa kawaida wa shambani Uingereza wakati huo alikuwa mdogo, anajitafutia chakula uani, hakuna anayemuuliza ukoo wake. Halafu anashuka kuku wa Shanghai: mzito, mpole, ameketi kama mto wa sofa, manyoya yameshuka miguuni hadi vidoleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 Malkia Victoria naye akapata kundi lake, wakawekwa Windsor, na magazeti yakachora picha zao. Walioona zile picha wakataka wao pia. Unajua venye hii kitu hufanya kazi. Mtu maarufu akishika kitu, watu hawaulizi bei, wanauliza kinauzwa wapi.

Kuna jambo lingine lilisukuma hii homa. Mwaka 1835 Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kupiganisha majogoo kukapigwa marufuku. Sasa, wale wazee wa majogoo walikuwa na ujuzi wa vizazi na vizazi: nani azae na nani, damu ipi ni ya nani, jogoo gani asiguswe. Ujuzi wa kuzalisha ulibaki, uwanja ukafungwa. Mahali pa kushindania pakahamia kwenye maonyesho, na ushindi ukawa wa sura na uzito.

Boston, Novemba 1849

Homa ikavuka Atlantiki. Novemba 1849, katika bustani ya umma ya Boston, Marekani ilifanya maonyesho yake makubwa ya kwanza ya kuku. Zaidi ya watu 10,000 walifika kuangalia zaidi ya ndege 1,000. Chukua shoo ya ASK, toa ng'ombe, toa matrekta, jaza kuku kila kona. Hiyo ndiyo Boston.

Mmoja wa waandaaji wakuu alikuwa daktari anaitwa John C. Bennett, na huyu jamaa lazima tumwongelee. Alikuwa amewahi kuwa meya wa Nauvoo, mji wa Wamormoni kule Illinois, kabla ya kutimuliwa kanisani mwaka 1842. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1830, alikuwa Indiana akiuza diploma za chuo ambacho kilikuwa chuo kwenye karatasi tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siko hapa kumcheka mtu kwa sababu ya digrii. Lakini mtu aliyeuza vyeti bila darasa akija kukuuzia kuku "wa damu safi," si ungejiuliza swali moja au mawili?

Watu hawakujiuliza. Mwaka 1850 Bennett alitoa kitabu cha ufugaji wa kuku. Kule Boston alikuwa ameonyesha kuku aliowachanganya mwenyewe na kuwapa jina Plymouth Rock. Shikilia hilo jina, tutalirudia.

Shida ya Boston ilikuwa hii: hakukuwa na kitabu kilichokubaliwa na wote cha kusema kuku wa aina fulani lazima awe vipi. Muuzaji ndiye aliyekuwa na kuku, ndiye aliyempa jina, ndiye aliyesimulia ametoka wapi. Mnunuzi hakuwa na chochote cha kulinganisha. Kama umewahi kuangalia picha kwenye simu ukajiuliza "sasa nitajuaje huyu ni Brahma kweli?", basi wewe na yule mnunuzi wa 1849 mko kwenye foleni moja.

Mtu aliyemtumia Malkia kuku

Sasa aingie George P. Burnham, mfanyabiashara wa Massachusetts. Kama angekuwa hai leo angekuwa na wafuasi milioni mbili na kozi ya kuuza.

Desemba 1852 Burnham alimtumia Malkia Victoria zawadi ya kuku tisa wakubwa, weupe wenye rangi ya kijivu na weusi shingoni, aina tunayoiita leo Brahma. Malkia akashukuru, na kwa maelezo ya Burnham mwenyewe akatumiwa picha ya Malkia kama ahsante. Gazeti la picha la London likawachora wale kuku. Burnham hakuhitaji kulipia tangazo lingine tena. Kila mnunuzi Marekani alijua kwamba akinunua kwa Burnham, ananunua kuku wa ukoo uliofika kwa Malkia.

Hiyo zawadi iligharimu kuku tisa tu. Faida yake ilikuwa bei. Katika kilele cha homa, jozi moja ya kuku iliweza kuuzwa dola 100 na zaidi, wakati kibarua alikuwa akilipwa kama dola moja kwa siku. Piga hesabu: miezi zaidi ya mitatu ya jasho, kwa kuku wawili.

Na majina! Kuku haohao wakubwa wenye manyoya miguuni waliuzwa kwa jina la Shanghai, Shanghai wa kijivu, Chittagong, Brahmapootra. Chittagong ni bandari ya Bangladesh ya leo. Brahmaputra ni mto mkubwa wa Asia. Mnunuzi akisikia jina geni anahisi ananunua kitu kingine kabisa, kumbe mara nyingi ilikuwa familia moja iliyobadilishwa jina. Wafugaji waligombana miaka mingi kuhusu nani alileta nini na kutoka wapi, na hadi leo ukiuliza asili kamili ya Brahma, utakuta wenye ujuzi bado wanabishana.

Februari 1854 hata P. T. Barnum, mfalme wa maigizo na maajabu, aliandaa maonyesho ya kitaifa ya kuku kwenye jumba lake la makumbusho New York. Barnum akishaingia kwenye biashara yako, ujue imeshakuwa sarakasi.

Hesabu iliyoua homa

Mwaka 1855 Burnham alitoa kitabu kizima kuhusu homa ya kuku. Alikuwa anacheka. Aliwacheka walionunua, akaeleza venye mchezo ulivyochezwa, na akauza hicho kitabu kwa haohao waliochezewa. Kufikia hapo bei zilikuwa zinaporomoka.

Kwa nini ziliporomoka? Hapa ndipo vijana wengi wanaoniandikia wanapita haraka, na hapa ndipo pesa hupotelea.

Fanya hesabu ndogo. Una mtetea mmoja wa mbegu ya nadra. Tuseme kwa mwaka anakupa mitetea kumi wanaokua hadi kutaga. Mwaka wa pili hao kumi wanakupa mia. Mwaka wa tatu, elfu moja. Mwaka wa nne, elfu kumi. Hiyo ni kutoka kwa mmoja, na wakati huohuo jirani yako naye anafanya hivyohivyo, na mtu wa kaunti ya pili pia. Kuku si shamba la Karen, anaongezeka. Unadra wake unaweza kuisha katika misimu michache.

Sasa jiulize: wale waliolipa dola 100 Boston walimnunua kuku wa nini? Wengi hawakutaka nyama wala mayai ya kula. Walinunua ili wazalishe na kuwauzia wengine, ambao nao walinunua ili wazalishe na kuwauzia wengine. Mlolongo wa aina hiyo unasimama tu kama kila siku kuna mnunuzi mpya mlangoni. Siku wanunuzi wapya wakiisha, mtu wa mwisho anabaki na banda lililojaa na bei ya kuku wa kawaida wa sokoni.

Na usiseme hiyo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Mwishoni mwa 2013 hadi 2014, Kenya ilipata homa yake ya kware. Nilikuwa bado shule ya msingi lakini mtaa wetu ulijaa mabango ya mayai ya kware. Ati yanaponya hii, yanaponya ile. Watu walipanga foleni za leseni ya KWS, juu kware alihesabiwa ndege wa porini. Waliopata pesa ni waliowahi mapema, na wengi wao walipata kwa kuwauzia wafugaji wapya ndege na vizimba. Baada ya muda mfupi yai likakosa mnunuzi, na kware wakaishia kuliwa au kuachiliwa. Boston na Nairobi, miaka zaidi ya 160 katikati, hesabu ileile.

Waliobaki bei ilipoanguka

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo jibu la swali lenu.

Homa ilipoisha, mapromota waliondoka. Wakaenda kutafuta kitu kingine cha kuuza. Lakini kuna watu walibaki na kuku wao wakati Brahma hakuwa na bei tena ya kujivunia. Hawa waliendelea kuchagua, kuandika, kuondoa kuku wabaya na kubadilishana majogoo. Kwa ajili yao, bado kuna Brahma leo.

Na walifanya kitu ambacho homa haikuwahi kufanya: wakaketi chini wakaandika viwango. Uingereza mwaka 1865 kilitoka kitabu cha viwango vya kuku wa maonyesho, kilichohaririwa na William Tegetmeier, mtaalamu wa kuku na njiwa aliyekuwa akimpa Charles Darwin taarifa za utafiti wake. Mwaka 1873 wafugaji wa Marekani walikutana Buffalo, New York, wakaunda chama chao, na mwaka uliofuata kitabu chao cha viwango kikatoka. Mwaka 1877 Uingereza ikapata Poultry Club ambayo ipo hadi leo.

Kitabu cha viwango kinaonekana kitu cha kuboesha, lakini kilihamisha nguvu kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Kabla yake, Brahma alikuwa yeyote ambaye muuzaji alisema ni Brahma. Baada yake, Brahma lazima awe na kilemba kifupi chenye mistari mitatu midogo, si kile kilemba kirefu cha msumeno. Cochin ndiye mwenye kilemba kimoja kilichosimama. Wote wawili wana manyoya miguuni. Sasa hata wewe ukiwa Githurai na simu yako unaweza kuangalia kichwa cha kuku kwenye tangazo na kugundua kwamba jina na kichwa havipatani.

Unakumbuka Plymouth Rock wa daktari Bennett? Wale wa 1849 walipotea, hawakuacha ukoo. Plymouth Rock tunayemjua leo, mwenye mistari mieusi na myeupe kama pundamilia, alionyeshwa Worcester, Massachusetts, mwaka 1869, akaingia kwenye kitabu cha viwango, na akaenea duniani. Jina lilikuwa lilelile. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na watu wa kulilinda. Hata Rhode Island Red, ambaye wafugaji wengi wa Kenya wanamjua, amebeba damu ya majogoo wakubwa wekundu waliotoka Asia kwa meli. Homa ilileta kuku, lakini walioachwa nyuma na homa ndio walitengeneza mbegu.

Kisha likaja suala la magonjwa. Kuna bakteria ya pullorum ambayo kuku mzima anaweza kuibeba akionekana yuko sawa kabisa, akaipitisha ndani ya yai hadi kwa kifaranga, na vifaranga wakafa kwa makundi siku za kwanza. Muuzaji anaweza kuwa mkweli wa moyo na bado akakuuzia kifo. Mwaka 1935 Marekani ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima makundi ya kuku wa mbegu. Kuanzia hapo, neno "mwaminifu" halikutosha. Ilibidi kundi liwe limepimwa.

Kwa hivyo angalia mpangilio. Kwanza ukoo unaojulikana. Pili kiwango kilichoandikwa. Tatu afya iliyopimwa. Kila moja ilikuja baada ya watu kulia.

Na hapa kwetu?

Hapa Kenya hatujaandika kitabu chetu cha viwango vya kuku wa asili kinachojulikana mitaani, lakini mbegu tunazo. Nenda Pwani uulize kuchi. Utaonyeshwa kuku mrefu, shingo ndefu, miguu mirefu, kifua wazi, anasimama kama askari wa lindo. Anajulikana Lamu na pia anajulikana Tanzania. Watafiti wa vinasaba walipomchunguza kuchi wa Tanzania, walimkuta karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Kwa jumla, vinasaba vya kuku wa Afrika Mashariki vinaonyesha walikuja kwa njia zaidi ya moja, baadhi wakiwa na ukoo wa Bara Hindi na wengine wa Asia ya mashariki na kusini-mashariki. Bahari ya Hindi ilibeba kuku muda mrefu kabla ya meli za Shanghai kufika London. Hata majina yanasema: Tanzania kuna kuku anaitwa bukini, na Bukini ndilo jina la zamani la Kiswahili la Madagaska.

Inaniuma kidogo kuona mtu anakopa kununua mayai ya Brahma asiyejulikana babu yake, na mzee wa Pwani anayeweza kukutajia kuchi wake vizazi vitano anakufa na hiyo elimu kichwani. Ukitafuta mbegu ya nadra, anza kuuliza nyumbani.

Jambo lingine la hapa kwetu: usichanganye mbegu safi na chotara. Kuroiler alitengenezwa India katika miaka ya 1990, na ni chotara. Kuku wa kienyeji walioboreshwa wa KALRO Naivasha, wale wengi wetu bado tunawaita kuku wa KARI, nao walitengenezwa kwa kazi maalum. Ni kuku wazuri kwa kazi yao. Lakini chotara akizaana na chotara mwenzake, watoto wanatoka mchanganyiko: mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mwingine hatagi vizuri. Kwa hivyo anayeangulia mayai ya kuroiler wake nyuma ya nyumba na kukuuzia kama "kuroiler asili" anakupa kitu kingine, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Haya, toa simu. Kabla hujatuma hata shilingi, uliza haya. Kila moja limetoka kwenye hiyo historia.

Moja: "Naweza kuwaona wazazi?" Anayefuga kweli ana jogoo na mitetea bandani. Kama huwezi kusafiri, omba video ya sasa hivi, na umwambie akunje kidole fulani mbele ya kamera au ataje tarehe ya leo. Picha nzuri za kuku ziko bure kwenye intaneti.

Mbili: "Uliwatoa kwa nani, na lini?" Jibu zuri lina mtu na mwaka. "Ni wa kutoka ng'ambo" si jibu, hiyo ni ile ya Chittagong.

Tatu: "Kuku wako wana kasoro gani?" Hili ndilo swali langu la kupenda. Burnham hangeweza kulijibu. Mfugaji wa kweli atakuambia bila kuona aibu: "Miguu yao haina manyoya ya kutosha, natafuta jogoo wa kurekebisha." Anayesema kuku wake hawana kasoro hata moja hajawahi kuwachunguza.

Nne: soma kiwango cha hiyo mbegu kabla ya kupiga simu. Silkie lazima awe na vidole vitano kila mguu na ngozi nyeusi chini ya manyoya. Marco Polo mwenyewe alisimulia kuku wa China wenye manyoya kama ya paka, kwa hivyo huyu si kuku wa jana. Ayam Cemani ni mweusi ngozi, nyama na mifupa, lakini yai lake ni la rangi ya krimu. Mtu akikuonyesha mayai meusi ya Cemani, funga mazungumzo. Ameyapaka rangi, au ameiba picha ya aliyeyapaka.

Tano: "Wamechanjwa nini, na wamewahi kupimwa?" Awe na rekodi ya chanjo ya Newcastle, ule ugonjwa wengine huita kideri, na awe na daktari wa mifugo anayemtaja bila kukwama.

Sita: "Nani mwingine anafuga hawa?" Mfugaji wa mbegu hawezi kukaa peke yake. Akizalisha ndugu kwa ndugu mwaka baada ya mwaka, kundi linadhoofika: mayai hayaangui, vifaranga wanatoka wanyonge. Lazima abadilishane majogoo na wenzake, kwa hivyo anawajua. Mkora hakutajii mshindani, juu hana mtu anayemjua. Ukishapata wafugaji wawili wanaotajana, umeingia kwenye mtandao wa kweli.

Na alama moja ya hatari kuliko zote: ahadi ya kununua kutoka kwako. "Chukua jozi tatu, tutanunua mayai yako yote." Ilikuwa hivyo kwa kware. Kama soko liko wazi hivyo, kwa nini asizalishe mwenyewe?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kutafuta kwangu wafugaji wa mbegu, niligundua wale wazuri ni wagumu kupata. Hawana matangazo. Wanakuweka kwenye orodha ya kusubiri. Wanakuuliza wewe maswali: banda lako likoje, utawalisha nini, umefuga kabla? Wengine wanakukatalia. Nilikuwa nafikiri ni maringo. Sasa naona ni mtu anayejua kuku wake wataendelea kubeba jina lake hata wakiwa kwako.

Maoni yangu basi ni haya, na unaweza kunipinga. Bei ya juu haikuambii chochote kuhusu mfugaji. Cheti hakikuambii mengi. Bennett alikuwa na vyeti hadi vya kuuza. Wafuasi wengi hawakuambii chochote; Burnham alikuwa na Malkia. Kinachokuambia ni muda. Tafuta mtu aliyekuwa na hao kuku kabla hawajawa gumzo, na ambaye unaamini atakuwa nao wakishasahaulika. Muulize swali la mwisho: "Bei ikianguka iwe kama ya kuku wa kawaida, utawafanya nini?"

Akikaa kimya, wewe pia kaa na pesa zako. Akicheka akuambie "si nitaendelea tu kula mayai," panga safari ya kwenda kuona banda.

Kama kwenu kuna mzee au mama anayefuga kuchi, kidimu au kuku yeyote wa ukoo anaoujua, nenda umsikilize wikendi hii na uandike anachosema: majina, rangi, nani alizaa nani, walitoka wapi. Kalamu na daftari vinatosha. Hicho kitabu chetu cha viwango lazima kianze mahali.